Picha ya ubongo iliyochelewa miaka mitatu

Haya, nimerudi. Najua nimekuwa kimya kuliko nilivyoahidi, na wale wanaongoja sehemu ya tatu ya somo la hifadhidata wanisamehe tena. Itakuja. Leo kuna jambo limenikaa kooni na lisipotoka sitaweza kuandika kitu kingine.

Wiki tatu zilizopita rafiki yangu mmoja, mwandishi wa programu kama mimi, alinipigia simu kutoka Nairobi. Yeye na wenzake wamepata fedha kidogo, na wanataka kuunda programu ya akili unde itakayosoma picha za MRI za ubongo na kutambua magonjwa yanayoletwa na kemia ya mwili kwenda mrama: sukari iliyoshuka, ini lililoshindwa kazi, sumu, manjano ya watoto wachanga, magonjwa ya kurithi. Akaniambia, "Wewe uko Kisumu, unajuana na watu hospitalini, tena una ile habari ya mpwa wako. Njoo tufanye kazi." Nikamwambia nitafikiri. Nimefikiri. Jibu langu limekuwa refu mno kwa simu, kwa hiyo naliweka hapa, na nyinyi wasomaji mniambie kama nimekosea.

Nianze na huyo mpwa.

Alizaliwa mwaka 2014 katika kituo kimoja cha afya kando ya ziwa, upande wa Siaya. Kituo chenyewe sitakitaja. Alizaliwa salama, kilo tatu na kidogo, akalia vizuri, akanyonya. Kesho yake mama na mtoto wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Kwetu Wajaluo mtoto wa kiume hukaa ndani siku nne kabla ya kutolewa nje, wa kike siku tatu. Nyumba ya shemeji yangu ina dirisha moja dogo, na dani wa mtoto, yaani mama mkwe wa dada yangu, aliishika mila kama alivyoipokea. Siku ya nne mtoto alipotolewa kwenye mwanga wa asubuhi, weupe wa macho yake ulikuwa na rangi ya kiini cha yai.

Wakarudi naye kituoni. Wakaambiwa hiyo ni kawaida, wamweke kwenye jua la asubuhi. Wakamweka. Siku ya sita akaanza kulia kwa sauti nyembamba, ya juu, kama paka. Akaacha kunyonya. Mgongo ukajipinda kwa nyuma kama upinde. Walipofika hospitali kubwa damu ilipimwa mara moja na taa za buluu zikawashwa, na madaktari walifanya yote waliyoweza. Mtoto akapona. Kwa maana kwamba hakufa.

Alipofika miaka mitatu hakuweza kukaa bila kuegemezwa. Mikono yake ilijisokota yenyewe polepole, kama mtu anayeogelea ndani ya asali. Ukimwita hageuki. Lakini macho yake yalikuwa yanafuata kila kitu chumbani, na ukimwonyesha kijiko anacheka kabla hujakaribia. Dada yangu alikuwa akisema, "Huyu yuko ndani humo, ananiona." Watu wengine walisema mengine. Kuna neno letu, chira, ambalo hutajwa mtu anapodhoofika kwa sababu mwiko umevunjwa. Hakuna aliyemwambia dada yangu usoni kwamba alivunja mwiko. Huambiwi usoni. Unasikia tu mazungumzo yakikatika unapoingia jikoni.

Mwaka 2017 tukachanga, tukampeleka Kisumu kupigwa picha ya MRI. Shilingi 15,000, ukiacha nauli na dawa ya usingizi, maana mtoto kama yule hawezi kulala tuli ndani ya lile bomba kwa nusu saa. Daktari aliyetusomea picha alikuwa mtu mpole. Akaelekeza kalamu katikati kabisa ya ubongo: madoa mawili madogo, moja kushoto na moja kulia, yamelingana kama mbegu mbili za boga, yameng'aa kuliko sehemu zilizoyazunguka. Akauliza maswali mengi kuhusu siku zile sita za mwanzo. Kisha akamwambia dada yangu, "Haya ni madhara ya manjano ya utotoni. Si wewe, mama. Hukufanya kitu."

Dada yangu aliomba ile filamu. Aliibeba ndani ya bahasha kubwa ya kaki hadi nyumbani, akaiweka kwenye lile dirisha moja dogo ili mwanga upite, akamwita mama mkwe wake aje aone. Yule mama aliitazama kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo ndiye anayembeba mtoto kwenda kanisani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usije ukadhani naidharau picha. Picha ile ilifanya kazi ambayo hakuna kipimo cha damu kingeweza kuifanya mwaka 2017. Lakini haikubadilisha hata chembe moja ya matibabu ya mtoto. Hapo ndipo ugomvi wangu na rafiki yangu ulipo.

Sasa twende kwenye ufundi, maana wengine mmekuja hapa kwa ajili hiyo.

MRI ni redio. Kweli kabisa. Mwili umejaa maji, maji yana hidrojeni, na kiini cha kila atomu ya hidrojeni ni kama sumaku ndogo inayozunguka. Ukimweka mtu ndani ya sumaku kubwa, viini hivyo huyumba kwa masafa maalumu, na masafa hayo hutegemea nguvu ya sumaku: kama megahezi 42.6 kwa kila tesla moja. Mashine za kawaida hospitalini ni tesla 1.5, kwa hiyo zinaongea kwenye megahezi 64 hivi, chini kidogo ya pale stesheni zetu za FM zinapoanzia. Ndiyo maana chumba cha MRI hufunikwa kwa shaba pande zote, la sivyo mashine itasikiliza matangazo ya mpira. Unawarushia viini mawimbi, vinarusha mwangwi, na mwangwi huo ukipitishwa kwenye hesabu za Fourier unakuwa picha. Paul Lauterbur alionyesha njia hiyo mwaka 1973, na mwaka 2003 yeye na Peter Mansfield wakapewa Tuzo ya Nobel.

Kwa nini sasa ugonjwa wa kemia, ambao uko kwenye damu, uonekane kwenye picha ya ubongo? Kwa sababu ubongo ni mlafi. Una asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unakula kama asilimia 20 ya nishati, na hauna ghala la maana la kuweka akiba. Sukari ikikatika, oksijeni ikikatika, au sumu ikiingia, ubongo unaumia haraka. Tena hauumii popote tu. Kila sumu na kila upungufu una mahali unapopenda kupiga, na kwa kawaida hupiga kushoto na kulia kwa pamoja, kwa sababu damu ile ile inafika pande zote mbili. Kiharusi au uvimbe mara nyingi hukaa upande mmoja. Ukiona madoa mapacha yaliyolingana, daktari wa picha anaanza kufikiria kemia.

Mifano tunayo humu humu Kenya. Mnakumbuka pombe haramu zilizochanganywa na methanoli? Mwaka 2000 watu zaidi ya mia moja walikufa Nairobi, mwaka 2014 ikawa Embu, Kitui na kwingineko, na Februari 2024 ikawa Kirinyaga. Wale waliobaki hai wakiwa vipofu, picha zao zinaweza kuonyesha sehemu iitwayo putameni imekufa pande zote mbili. Mtoto mchanga aliyeshukiwa na sukari sana huumia zaidi nyuma ya kichwa, kule kunakosoma macho, ndiyo maana baadaye mama anasema mtoto hatazami. Na bilirubini, ile rangi ya njano inayotoka chembe nyekundu za damu zinapovunjika, hupenda sehemu iitwayo globasi palidasi. Ndizo zile mbegu mbili za boga.

Mpaka hapo rafiki yangu ana haki ya kushangilia. Mchoro ulio wazi, unaojirudia, mahali panapojulikana... kazi ya akili unde kabisa! Mpe picha elfu kadhaa, ifundishe, iachie.

Polepole.

Globasi palidasi hiyo hiyo huumizwa pia na moshi wa makaa. Mtu akilala na jiko ndani ya nyumba iliyofungwa, gesi ya kaboni monoksidi inapiga hapo hapo, pande zote mbili. Ini likishindwa kazi kwa muda mrefu, manganizi hujikusanya hapo hapo na kung'aa kwenye aina fulani ya picha. Kuna magonjwa ya kurithi yanayopiga hapo hapo. Daktari mzoefu hutofautisha kwa kuangalia majirani: je, kiini kidogo kilicho chini yake nacho kimeguswa? Thalamasi imepona? Umri gani? Na hata hivyo yule daktari wetu wa Kisumu hakusema neno mpaka alipouliza habari za siku sita za mwanzo. Nusu ya jibu ilitoka kinywani mwa dada yangu. Programu inayopokea pikseli peke yake haina dada yangu.

Nyinyi mnaoandika programu mtanielewa nikisema hivi: MRI ya mpwa wangu ilikuwa faili ambalo mfumo huliacha ukishaanguka. Ni faili zuri. Ukilisoma vizuri unajua ni mstari upi uliua seva. Lakini hakuna mtu mwenye akili timamu anayeendesha benki kwa kusoma mafaili ya vifo peke yake. Unaweka kengele. Unapima joto la mashine kila dakika. Kwa manjano ya mtoto mchanga kengele ni tone la damu siku ya tatu au ya nne, au kifaa kidogo cha mwanga kinachogusishwa kwenye paji la uso. Kwa sukari ni ile mashine ndogo ya kudunga kidole ambayo wazee wetu wa kisukari wanayo mkobani. Jibu linakuja kwa sekunde, na tiba ni ya papo hapo.

Hapa niseme kidogo juu ya lile jua, maana watu wengi humlaumu nesi. Ushauri ule haukutoka hewani. Mwaka 1956 katika hospitali ya Rochford, Essex, Uingereza, muuguzi mkuu aliyeitwa Jean Ward alikuwa na tabia ya kuwatoa watoto njiti uani wapate hewa na jua. Siku moja akawaonyesha madaktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imepauka isipokuwa pembetatu moja iliyobaki ya njano, pale shuka lilipokuwa limemfunika. Kutoka hapo R. J. Cremer na wenzake wakatengeneza taa, wakachapisha mwaka 1958, na taa za buluu za leo ni wajukuu wa shuka lile. Kwa hiyo mwanga unavunja bilirubini, ni kweli. Lakini jua la dakika kumi asubuhi si dozi, na jua kali la ziwa ni la kumchoma mtoto. Watafiti walioijaribu njia hiyo kwa makini huko Nigeria, wakatoa matokeo mwaka 2015, waliweka watoto chini ya mahema ya karatasi maalumu inayochuja miale mibaya, kwa saa nyingi, wakiwapima muda wote. Kosa kwa mpwa wangu halikuwa jua. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyepima kabla ya kusema "kawaida".

Na kulikuwa na sababu ya kushuku. Baadaye sana alipimwa na kukutwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Ni jambo la kawaida huku kwetu ziwani, kwa sababu jeni hiyo humpa mtu kinga kiasi dhidi ya malaria, na malaria imetuchuja kwa vizazi na vizazi. Mwenye upungufu huo akikutana na vitu fulani chembe zake nyekundu hupasuka kwa wingi. Kimoja cha vitu hivyo ni naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo. Nguo za mtoto zilikuwa za kaka yake, zilizokaa ndani ya sanduku la bati kwa miaka miwili. Mnajua kilichokuwa ndani ya sanduku. Sijawahi kumwambia dada yangu moja kwa moja kwamba huenda zilichangia. Amesoma mwenyewe, nafikiri, kwa sababu siku moja nilikuta vidonge vyote vimetupwa chooni.

Sasa, ili nisiwe mwongo, nitoe mifano miwili inayonipinga.

Wa kwanza ni wa Ujerumani. Mwaka 1994 Sylvia Stöckler na wenzake huko Göttingen walieleza habari za mtoto aliyekuwa anarudi nyuma kimaendeleo, ana mijongeo ya ajabu, na vipimo vya kawaida havikuwa vimetoa jibu. Wakatumia MRI kwa njia nyingine inayoitwa spektroskopia. Badala ya picha unapata mstari wenye vilele, kila kilele kemikali yake: hapa laktati, hapa kolini, hapa kreatini. Kwa mtoto huyu kilele cha kreatini hakikuwepo. Kimefutika! Ubongo ulikuwa hauna kreatini, ile ile ambayo wanyanyua vyuma huinunua kwa mikebe. Wakampa kreatini kwa mdomo, na hali yake ikaanza kuwa bora. Hapo mashine haikusoma faili la kifo. Ilikuta ugonjwa ambao ulikuwa haujulikani kabisa, na wenye tiba. Nikiusoma mfano huu huwa najiuliza kuna watoto wangapi wenye "kifafa" na "kuchelewa kusema" kati ya Mbita na Port Victoria ambao hakuna aliyewahi kuchungulia kilele chao. Ila kumbuka ugonjwa huo ni adimu mno, na leo unaweza kutiliwa shaka kwa kupima mkojo na damu.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi na unaniuma zaidi. Malaria ya ubongo. Kwenye uchunguzi wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2020, asilimia 6 ya watoto wa Kenya waliopimwa walikuwa na vimelea. Ukanda wetu wa ziwa peke yake ulikuwa asilimia 19. Kwa miaka mingi madaktari walibishana kwa nini mtoto mwenye malaria ya ubongo anakufa ilhali mwingine mwenye vimelea vile vile anaamka kesho yake na kuomba uji. Ni sukari? Ni asidi kwenye damu? Ni mishipa iliyoziba? Kule Blantyre, Malawi, kwenye Hospitali ya Queen Elizabeth, kundi la Terrie Taylor na Karl Seydel likapiga MRI watoto 168 kati ya 2009 na 2011. Walikufa 25. Kati ya hao 25, 21 walikuwa na ubongo uliovimba vibaya tangu siku ya kulazwa. Kati ya 143 waliopona, waliovimba hivyo walikuwa 39, na uvimbe wao ulipungua. Ubongo ulikuwa unavimba mpaka unabana ile sehemu ya chini inayoendesha pumzi, na mtoto anaacha kupumua. Matokeo yakatoka mwaka 2015.

Hakuna tone la damu lingeonyesha hilo. Na tazama mashine waliyotumia: tesla 0.35, dhaifu, ambayo hospitali nyingi za Ulaya zisingeitaka hata kwa bure. Kwa hiyo mtu asiniambie teknolojia ya picha si ya watu kama sisi. Huo ungekuwa ujinga wa aina nyingine.

Ila angalia tofauti. Blantyre walikuwa na swali. Walikuwa tayari wanapima sukari ya kila mtoto, wanahesabu vimelea, wanachungulia nyuma ya jicho kuhakikisha ni malaria kweli. Picha ilikuja juu ya vipimo hivyo vyote kama paa juu ya nyumba. Rafiki yangu anataka kuleta mabati mahali ambapo bado hakuna ukuta.

Mashine zenyewe zinakuja, nikuambie. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha MRI ya kusukumwa kwa magurudumu, Swoop ya kampuni ya Hyperfine: tesla 0.064, sumaku ya kudumu, haihitaji heli ya kupoza, inachomekwa kwenye soketi ya kawaida ukutani. Na mwaka 2022, hapo jirani Uganda, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Johnes Obungoloch na wenzake waliunganisha MRI ndogo ya namna hiyo kwa mikono yao, kutokana na vipande vilivyotoka Uholanzi, kwa muda wa wiki mbili hivi. Shabaha yao kubwa ni watoto wenye vichwa vilivyojaa maji. Mimi nilipoona picha za ile sumaku, vijisumaku vingi vidogo vimepangwa duara kwa mahesabu, nilisahau kula chakula cha mchana. Hiyo ndiyo kazi ningependa vijana wetu wa Maseno waione kwa macho yao, maana mashine ukiijua skrubu kwa skrubu huhitaji kumngoja fundi kutoka ng'ambo siku umeme wa Kisumu unapofanya vituko vyake.

Lakini tesla 0.064 haitakuchorea vilele vya kreatini, na mbegu mbili za boga zitaonekana kama ukungu. Programu iliyofundishwa kwa picha safi za tesla 3 kutoka Boston haitaelewa inachokiona. Mtakuwa mnaifundisha upya, kwa picha za huku, zilizoandikwa majibu na madaktari wa huku, ambao ni wachache na wamechoka. Hilo linawezekana. Linahitaji miaka, na linahitaji mtu wa kulipwa kuuliza kila mama habari za siku sita za mwanzo. Kwenye bajeti niliyoonyeshwa mtu huyo hayupo. Kompyuta za kufundishia zipo nne.

Basi jibu langu kwa rafiki yangu ni hili. Fedha hizo zikiwa zangu, ningeanzia kwenye tone la damu. Chuo cha Rice huko Texas walitengeneza kifaa cha bei nafuu cha kusoma bilirubini kwenye kipande cha karatasi, wakakijaribu Malawi, na matokeo yakatoka mwaka 2017. Watafiti wa London wa UCL pamoja na wenzao wa Ghana wamejaribu programu ya simu inayopima unjano kwenye weupe wa jicho, si kwenye ngozi, na hapo nawavulia kofia, kwa sababu programu nyingi za namna hiyo zilianza na ngozi nyeupe na kwa watoto wetu weusi unjano hujificha. Hizo ndizo kazi za kamera na hesabu ambazo mwandishi wa programu wa Kisumu anaweza kuzishika. Mwongozo wa taifa wa matibabu ya watoto tayari una jedwali: umri wa mtoto kwa saa, kiwango cha bilirubini, washa taa au usiwashe. Jedwali! Mimi na wewe tunaweza kuliweka kwenye simu ya nesi kwa wikendi moja, lifanye kazi bila intaneti, limkumbushe kupiga simu kwa kila mama aliyeruhusiwa chini ya siku tatu baada ya kujifungua. Haivutii. Hakuna atakayekualika Geneva kuizungumzia. Najua.

Atasema, na alishasema, kwamba nikifanya hivyo nawaacha walioumia tayari, watoto walio nyumbani bila jina la ugonjwa wao. Hapo amenishika. Nikifikiria ile bahasha ya kaki siwezi kumjibu vizuri. Mama kuambiwa "si wewe" ni tiba, hata kama haiingii kwenye hesabu za wafadhili, na kuna akina mama wengi huku ziwani wanaongoja kuambiwa. Kwa hiyo nimemwambia hivi: nitajiunga, kwa nusu ya muda wangu, kama watakubali mambo mawili. Programu isitoe jibu mpaka historia ya mtoto iwe imejazwa na binadamu. Na nusu ya fedha iende kwenye vipimo vya damu katika vituo vile vile ambavyo watoto wa kwenye picha walizaliwa. Mpaka naandika haya hajajibu. Simu yake inaita tu.

Mnaouliza habari za mpwa wangu: yuko mzima, mrefu kuliko nilivyotarajia. Masikio yake yanapokea sauti lakini mshipa hauipeleki vizuri kwenye ubongo, ambayo nayo ni kazi ya bilirubini, kwa hiyo tunatumia macho. Nimemtengenezea programu kwenye tableti, vibao vikubwa vyenye picha ambavyo anavichagua kwa kuvitazama. Toleo la kwanza lilikuwa na hitilafu: kila akitazama kibao cha maji programu ilikuwa inasema "omena", na akawa anacheka mpaka machozi yanamtoka, akirudia makusudi. Nimerekebisha. Juzi amenigomea kwa siku nzima, hataki kutumia toleo jipya, na dada yangu anasema anataka ile ya zamani irudishwe.